Upande wa Pili wa Kaseti

Kashikishi, Nchelenge
4 Machi 2025

Roger,

Sitaanza na zile salamu za watoto wa shule, mimi mzima sijui wewe. Kama u mzima utaniambia mwenyewe. Ni mimi, Angèle. Angèle wa kambi ya wakimbizi, binti wa Mama Rosaria, yule aliyekuwa akija kwenye kibanda chako kuchaji simu ambayo ilikuwa imejaa tayari.

Naandika kwa sababu ya muziki. Jumamosi nilikuwa hapa sokoni nageuza chisense juani, vile visamaki vyetu vidogo ambavyo usipovigeuza vinanuka, mara kijana mmoja wa kwetu anayeuza salaula, nguo za mitumba, akafungulia spika yake. Gitaa likaanza. Nililitambua kabla ngoma hazijaingia. Bendi ya Akasuba, Roger! Albamu ileile aliyoiacha marehemu baba yako, "Amenshi na Mulilo", maji na moto, ambayo tulidhani duniani tumebaki nayo sisi wawili tu. Nikamfuata yule kijana na mikono yangu yenye magamba, nikamuuliza ameitoa wapi. Akanicheka: "Mama, weye haujue? Bazungu balishaichapa upya. Banaicheza kule Ulaya, na batoto ya Lusaka banaicheza."

Miaka hamsini sasa. Vijana wa Kitwe waliingia chumba kimoja na gitaa la kijijini na gitaa la umeme, wakarekodi walichorekodi, wakasahaulika, na leo watoto ambao hata baba zao hawakuwa wamezaliwa wanautikisia kichwa na kusema ni muziki mpya. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia mbele ya wateja. Nikasingizia moshi.

Mama aliniacha mwaka jana, mwezi wa nane. Niko peke yangu, nimepanga chumba nyuma ya soko. Dédé, yule anayevuka ziwa na samaki na mafuta ya kupikia mpaka kwenu Pweto, Congo, ndiye aliyenipa namba yako. Nilipiga. Mwanamke akapokea, akasema, "Hapana, Roger hawezi kusema kwa telefone." Nikakata. Kama ni mke wako, niombee radhi kwake, sikuwa na nia mbaya. Ndiyo maana naandika, na Dédé amenihakikishia atakupa mkononi.

Swali langu ni moja tu. Hapana, ni mawili, lakini la pili nalibakiza. Katika wimbo wa tatu, yule mwanamke anayecheka katikati ni nani? Uliwahi kuniambia nikasahau. Na ule wimbo wa mwisho, ule wa kesho, bado unanifanya vilevile.

Angèle


Pweto
19 Machi 2025

Mama Angèle,

Barua yako nimeipokea. Pole sana kwa Mama Rosaria. Alinipenda bila kuficha, na ugali wake wa bukari na majani ya muhogo sijapata tena mfano wake.

Aliyepokea simu ni Stéphanie, mdogo wangu wa mwisho. Hukuwahi kumwona kwa sababu mwaka tuliokimbia yeye alikuwa Lubumbashi kwa shangazi. Simu ni yake. Mimi siku hizi simu siitumii. SMS moja ilinitosha, nawe unaijua.

Mke sina.

Mwanamke anayecheka ni mke wa mpiga gitaa. Baba alikuwa akifanya kazi mgodini Kitwe wakati ule na alikaa nao mtaa mmoja. Alinisimulia kwamba walirekodia kwenye stoo ya mahindi. Yule mama akaja na chakula cha mchana, akamkuta mumewe amefumba macho, ameinamia gitaa lililounganishwa na redio yenye spika iliyopasuka, anatikisika mwili mzima. Akaangua kicheko. Mkanda waliokuwa nao ulikuwa mmoja, hawakuweza kurudia, basi kicheko kikabaki. Nafikiri ndiyo maana albamu hii haizeeki. Orkesta kubwa za miaka ile zilisafisha kila kitu, suti zimenyooka, tarumbeta zimenyooka, na leo ukizisikiliza unaheshimu tu. Akasuba hawakuondoa kitu. Waliacha kicheko, waliacha kikohozi, waliacha mtu akitwanga.

Nina ombi. Kaseti yangu imeharibika. Je, unaweza kuniandikia albamu ile, wimbo kwa wimbo, jinsi inavyosikika? Usiandike maneno, maneno nayajua. Andika sauti. Kipi kinaingia kwanza, kipi kinafuata, kiko upande gani. Na ukifika ule wa mwisho, wimbo wa jana, nenda polepole.

Roger


Kashikishi
2 Aprili 2025

Roger,

"Mke sina." Mstari mzima peke yake, utadhani tangazo la kanisani. Haya, tumesikia.

Unachoniomba ni kichekesho. Flash yenye nyimbo zote ninayo, ungesema tu nikutumie. Lakini umeomba niandike, na siku hizi hakuna mtu anayeniomba kitu zaidi ya kupunguza bei, kwa hiyo nimeweka spika zote mbili dirishani na nimekaa.

Upande wa kwanza. Wimbo wa kwanza unaanza na kinu. Wanawake wawili wanatwanga, mchi mmoja mzito, mmoja mwepesi, na kwa muda hujui kama ni muziki au ni jikoni kwa watu. Halafu gitaa la kawaida linaingia katikati ya mapigo, linaikwepa ile michi. Anayeimba anaanza chini kabisa, kana kwamba ndani kuna mgonjwa amelala. Wa pili ni ule wa gitaa linalokwaruza. Mama alikuwa akiuita wimbo wa nyigu ndani ya chupa, unakumbuka? Kalimba, ile marimba ndogo ya mkononi, iko kushoto, inarudia vidole vilevile mwanzo mpaka mwisho, haina habari na fujo za nyigu. Wa tatu ndio wa kicheko, na kabla ya kicheko kuna kikohozi, kulia, mbali kidogo. Wa nne ni ule walioupindua, sauti zinakwenda kinyumenyume. Soko zima la Kashikishi linaapa kwamba pale wanaimba Kifaransa. Mzee mmoja muuza chumvi ameniuliza, kwa vile mimi ni Mkongomani, "Mama, pale banasema nini?" Nikamwambia wanaomba maji ya kunywa. Akashukuru sana.

Unasema haizeeki kwa sababu hawakuondoa kitu. Mimi nasema haizeeki kwa sababu hawakumaliza kitu. Kila wimbo unakatika kabla hujashiba, basi unarudi.

Sasa nieleze. Wimbo wa jana ndio upi? Ule wa mwisho ni wimbo wa kesho. "Mailo, mailo, pa Mweru." Kesho, kesho, hapo ziwani Mweru. Na SMS gani hiyo iliyokutosha wewe? Aliyetoshwa ni mimi! Malori ya kurudisha watu Congo yalikuwa ya siku mbili, Jumatatu na Jumanne. Jumatatu asubuhi uliniandikia: "Wanapakia. Unakuja?" Nilikuwa Kafutuma, mbali na malori, Mama amelazwa kwenye kituo cha afya na malaria, simu inakaribia kuzima. Nikakujibu kwa neno letu, lile la kwenye wimbo. "Mailo." Kesho. Yaani Mama anaruhusiwa kesho, tungoje tupande la pili wote.

Jumanne nilifika na Mama anatetemeka bado, na magodoro, na masufuria. Wakaniambia fundi Roger amekwishaondoka na yale ya kwanza. Nikawaambia washushe mizigo yangu. Nilisema moyoni, mwanaume asiyeweza kuningoja siku moja simfuati.

Hilo ndilo swali la pili. Kwa nini hukuningoja?

Angèle


Kashikishi
7 Aprili 2025

Roger,

Dédé bado anangoja mzigo ujae, kwa hiyo barua ya kwanza iko kwake na hii naiongeza juu. Zisome kwa mpangilio.

Nimemsimulia Bana Chalwe, yaani Mama Chalwe, jirani yangu wa meza, Mubemba wa hapahapa. Nilimwambia kuna mtu anang'ang'ania kwamba mailo ni jana. Nilitaka anisaidie kukucheka. Akanicheka mimi, mpaka akaketi juu ya gunia la watu.

"Mailo ni mailo, mama," akasema. "Ile ilipita ni mailo. Ile inakuya ni mailo."

"Sasa mutu anajuaje?"

"Anasikia ile neno ingine. Naishile mailo, nilikuya jana. Nkesa mailo, nitakuya kesho."

"Na kama neno ingine haiko? Kama mutu anasema tu mailo?"

Akaacha kucheka. "Basi pale hakuna mutu anajua."

Roger, mimi Kibemba nilikiokota sokoni. Ukiulizia mzigo wako, jibu siku zote ni hilohilo, njoo mailo, njoo mailo. Nikajua ni kesho. Wewe ulikaa kibandani na redio ya habari masikioni, na habari ni za mambo yaliyokwisha kutokea. Tulikuwa tunasikiliza wimbo mmoja kila siku, tumekaa benchi moja, na hatukuwahi kuulizana.

Ulisoma nini siku ile? Niambie ulisoma nini.

Angèle


Pweto, Jumapili ya Pasaka
20 Aprili 2025

Angèle,

Nilisoma "jana".

Nilisoma kwamba yetu yalikuwa ya jana, na kwamba umeamua kuniaga kwa heshima, kwa wimbo, usinitamkie hapana. Nikapanda lori. Njia nzima nilikaa nimegeukia nyuma, watu wakadhani naililia kambi. Kibemba cha redio kilichangia, unasema kweli, lakini zaidi ni Baba. Alikuwa akiusikiliza ule wimbo kila alipomkumbuka mama yangu aliyefariki, na yeye Kibemba alikijua. Nikakua najua mailo ni kilio. Haikuwahi kunijia kwamba mtu mwingine anaweza kuusikia kama ahadi.

Ningeweza kukuuliza. Ilikuwa SMS moja ya nyongeza. Nilikuwa na kiburi, nawe ulikuwa na chako, na lori lilikuwa linapiga honi.

Leo nimetoka misa nikakaa na barua zako mbili. Nimefurahi na nimeumia, yote pamoja, na sijui nikuelezee kipi. Ulikuwa unakuja. Miaka yote hii nimeishi kama mtu aliyekataliwa, kumbe ulikuwa njiani na masufuria. Nilikupenda, Angèle, na sijaacha. Naliandika wazi kwa sababu ni haki yako kulijua.

Lakini yaishie hapo. Mimi si yule fundi wa kambini tena. Usinipigie simu, wala usimtume Dédé kunishawishi. Kama bado una moyo, niandikie upande wa pili. Sina kingine cha kuomba.

Kile kikohozi, una hakika kiko kulia?

Roger


Kashikishi
6 Mei 2025

Roger,

Mwanaume anaandika "sijaacha", halafu mstari wa chini anauliza habari za kikohozi. Ndiyo, kiko kulia! Nimesogea mpaka nimebandika sikio kwenye spika ya kulia. Umeridhika?

Nina hasira na wewe, na upande wa pili nauandika hivyohivyo na hasira zangu.

Wimbo wa kwanza hauna chombo hata kimoja. Wanaume wote wanaimba pamoja, wanapiga makofi na kukanyaga chini, na katikati mmoja anawahi kupiga kofi, wenzake wanamfuata palepale alipokosea na wanaendelea kutoka hapo. Wa pili una filimbi ya kienyeji, iko kila mahali, inazunguka toka sikio hili mpaka lile. Nikifumba macho naona rangi, na mimi sinywi. Wa tatu hausemi neno, ni magitaa mawili tu. Lile la kijijini linauliza, lile la umeme linajibu vibaya, kama wewe.

Sasa ule wa mwisho, polepole kama ulivyotaka. Gitaa moja peke yake. Kamba ya chini imelegea, inatetemeka kila akiigusa, hawakuikaza. Halafu maji, maji kweli, mtu anayamimina kwenye beseni karibu na maiki. Anaimba "mailo", ananyamaza. Unangoja neno linalofuata, lile la kukuambia ni lini. Haliji. Kalimba inakuja badala yake. Anaimba tena "mailo", safari hii amepanda juu kidogo, na bado haendelei. Mara gitaa la umeme linatokea mbali sana, huku nyuma, linakua, linakua, mpaka limefunika kushoto na kulia na maji huyasikii tena. Linapokatika linakatika ghafla, na unasikia soko, unasikia watu wanaita bei.

Nimeelewa kwa nini mzee anausikiliza na mtoto anausikiliza. Yule aliyeuimba alikuwa Mubemba, alijua anachofanya. Aliliacha lile neno peke yake makusudi, mzee aweke yaliyompita na kijana aweke yanayomngoja. Sisi tu ndio tuliotaka liwe moja.

Nisikilize. Flash yenyewe nimempa Dédé, usikilize kwa masikio yako, mimi si redio. Na Jumapili ya tarehe 18, baada ya misa, nitapiga simu kwa namba ya Stéphanie. Nataka kukusikia. Ukipokea ukaniambia njoo, nakuja. Ukipokea ukaniambia nisije, nitalia na nitakuelewa. Usipopokea nitajua nimepewa jibu, na sitakuandikia tena.

Nakupenda, na nimechoka kuwa na subira.

Angèle


Pweto
18 Mei 2025

Yaya Angèle, dada yangu,

Hunijui. Mimi ni Stéphanie, mdogo wa Roger. Ametoka kutembea ufukweni na mimi naandika haraka kabla hajarudi, maana akijua atanigombeza mpaka Krismasi.

Simu uliyopiga leo ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amevaa shati lake zuri. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Aliitazama inavyowaka na inavyotetemeka, jina lako liko pale juu. Nikamwonyesha kwa ishara, nipe nipokee mimi. Akasema, "Hapana. Alisema nipokee miye." Akaishika hivyohivyo mpaka taa yake ikazima.

Yaya, hasikii. Hasikii hata kidogo. Mwaka wa pili tangu arudi aliugua homa ya uti wa mgongo. Tulidhani anakufa. Akapona, lakini masikio hayakupona. Siku ile ya kwanza nilipokuambia hawezi kusema kwa simu nilitaka kukueleza, ukakata. Baadaye yeye akanikataza. Kaseti haijaharibika, iko hapa mezani, nzima kabisa. Ni yeye.

Nikuambie anavyofanya na barua zako. Anawasha muziki, anaweka kiganja kimoja kwenye spika, barua yako iko gotini, na kidole cha mkono wa pili kinafuata mistari. Anasoma kwa sauti, na hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani. Mtaa mzima unajua kikohozi kiko kulia. Juzi Mama Débora, jirani yetu, amenisimamisha kisimani: "Ule mama ya nyigu mu chupa, alishaandika tena?" Watu wananiomba niwapigie huo muziki, na wanaupenda, hata vijana. Walianza kuupenda kwa barua kabla hawajausikia.

Wakati mwingine kidole kinasimama mahali pamoja, najua kiganja kimepotea njia. Ananiuliza, "Maji yalishaanza?" Nami namwitikia kwa kichwa, lakini kusema ukweli sijui kama yameanza. Huu si muziki wangu, mimi nililelewa kwa shangazi, sijakua nao.

Sikuandikii ili nikuambie uje au usije. Hilo ni lenu. Nilitaka tu ujue kwamba leo hakukukataa.

Mdogo wako,
Stéphanie


Pweto
1 Juni 2025

Angèle,

Stéphanie amekiri. Nimemnunia, na yeye amenipikia samaki kana kwamba hajafanya kitu. Dédé naye amekuja akanionyesha kwa mikono boti, wewe, mizigo. Nimeelewa. Kwa hiyo naandika upesi: usije.

Nilikudanganya kuhusu kaseti kwa sababu niliona aibu. Fundi wa muziki asiyesikia, nani hatacheka? Watu hapa hawacheki, wanafanya jambo baya zaidi, wananipigia kelele karibu na uso kisha wananihurumia. Nisingependa kukuona wewe ukifanya hivyo.

Halafu wewe ni mtu wa kuongea, Angèle. Ulikuwa unaingia kibandani asubuhi na maneno, unatoka jioni na maneno, na mimi nilikuwa nafungua redio za watu na kuzifunga upya ili nipate sababu ya kukaa kimya nikusikilize. Ukija hapa utaongea na ukuta. Mwezi wa kwanza utavumilia. Baadaye utaanza kunyamaza, na mimi nitakuona unavyonyamaza, kwa sababu macho yangu ni mazima.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nyimbo bado zimo kichwani. Ukiniandikia kinu, nakisikia. Ukiniandikia ile kamba iliyolegea, naisikia. Lakini sauti yako imeanza kufutika. Najua ilikuwa nzito kidogo asubuhi, najua ulikuwa unavuta jina langu, na bado nikiitafuta napata maneno haya tu ninayoyakumbuka, sauti yenyewe siipati. Ukiwa mbali naweza kujidanganya kwamba itarudi. Ukija, nitaona mdomo wako unasema Roger, na nitajua nimeipoteza kabisa.

Nakuomba. Niandikie tu.

Roger


Kashikishi
10 Juni 2025

Roger,

Barua hii ameibeba Guylain, anayetangulia kesho na boti yake. Nimemwapisha akupe mkononi na akae mpaka umalize kuisoma.

Kwanza, usiwe na uchungu na Stéphanie. Siku ile simu ilipoita bure nilirudi chumbani nikajifungia, nikasema basi, na huyu naye nimemzika. Ningekuwa nimekuzika mpaka leo kama si yeye. Mnunulie kitenge.

Pili, unasema utanichosha kwa sababu hutanisikia. Hebu fikiri. Tangu mwezi wa tatu nimeongea nawe kuhusu Mama, kuhusu soko, kuhusu nyigu, nimekutukana, nimekuambia nakupenda. Hukusikia hata neno moja, na yote umeyajibu. Kuna wanaume hapa Kashikishi wana masikio makubwa mazima na wake zao wanaongea na mbuzi.

Tatu, sauti yangu. Hapa sitakutania. Ulipoandika kwamba imeanza kufutika niliweka barua chini, nikaitamka Roger peke yangu chumbani, nikajisikiliza. Nilitaka kujua ni kitu gani umepoteza. Nililia sana. Sitakuambia haitauma. Nitafungua mdomo, utatazama, na hutasikia, na mimi nitaona kwamba hukusikia, na siku hiyo tutalia wote wawili mbele ya watu na Mama Débora atapata habari za kisimani. Tulie tu. Halafu tutaingia ndani tupike. Kwenye ule muziki nitakaa karibu, nikugonge mkononi maji yakianza, kwa sababu mimi najua yanaanza lini. Nikitaka kusema kitu kirefu nitakiandika, na nikitaka kukugombeza utakiona usoni.

Usinijibu usije. Siji kwa huruma, na sikuombi ruhusa. Mizigo yangu niliifunga Kafutuma siku Mama alipokuwa mgonjwa, na sijawahi kuifungua kwa moyo mweupe tangu hapo. Meza yangu nimemwachia Bana Chalwe. Amelia, halafu akaniuliza kama mizani nayo naiacha.

Naondoka Alhamisi na Dédé. Tunalala Mununga, Ijumaa mchana tuko kwenu. Hutasikia mota, kwa hiyo usikae ndani kungoja mtu aje akuite. Kaa ukingoni, utazame maji. Mimi nitasimama wima ndani ya boti, Dédé agombe mpaka achoke, ili unione mapema.

Angèle